Chumba cha elimu ya teknolojia: tuanzie wapi kabla ya kununua mashine?

Mjumbe wa Kamati (mwuliza swali)

Wanajukwaa, salaam.

Shule yetu imepata nafasi ya kugeuza chumba kimoja kikubwa kuwa darasa la elimu ya teknolojia, nami nimo katika kamati iliyopewa kazi ya kuandaa mpango wake. Chumba kina urefu wa mita 12 na upana wa mita 8, mlango mmoja, madirisha upande mmoja wa urefu, na stoo ndogo iliyoungana nacho. Kitatumiwa kwa zamu na madarasa matano, kila darasa likiwa na wanafunzi wapatao 32 wenye umri wa miaka 12 hadi 16. Mtaala unatutaka tufundishe usanifu, kazi za mbao na plastiki, elektroniki ya msingi, uandishi wa programu na roboti ndogo ndogo.

Wajumbe wenzangu wameshaleta orodha ndefu: printa za 3D (zinazojenga kitu kwa plastiki tabaka juu ya tabaka), mashine ya kukata kwa leza, kompyuta kwa kila mwanafunzi, ubao wa kidijitali na seti za roboti. Sina ugomvi na kifaa chochote kilichomo. Kinachonisumbua ni kwamba tunajadili vya kununua ilhali hakuna aliyeuliza mtoto atasimama wapi anapofanya kazi, mwalimu atamwonaje, na kazi ambayo haijakamilika itawekwa wapi kengele ikilia. Naomba waliowahi kupanga au kufundisha katika chumba cha namna hii wanieleze wangeanza na nini, na kwa sababu gani, kwa kuwa hoja hizo nitalazimika kuzitetea mbele ya wanaoshika mfuko.

---

Mwalimu wa Ufundi

Mwalimu mwenzangu, ningeanza na kazi ambazo wanafunzi watazifanya, na orodha ya vifaa ningeiweka pembeni kwanza. Chagueni kazi nne au tano za mwaka wa kwanza, kazi halisi zenye majina, kisha mzifuate moja baada ya nyingine juu ya ramani ya chumba.

Chukua mfano wa taa ndogo ya mezani inayojiwasha giza likiingia. Mwanafunzi anakaa mezani na wenzake kuchora wazo lake. Anakwenda kwenye kompyuta kuchora sanduku la taa kwa vipimo. Anachukua kipande cha plaiwudi stoo, anakikata, anakipiga msasa, anatoboa tundu la waya. Anarudi mezani kulehemu kitambuzi cha mwanga na taa ya LED, anaandika programu fupi, anajaribu, halafu anahifadhi kazi yake hadi kipindi kijacho. Chora mwendo huo wote kwa penseli kwenye ramani, kisha uchore tena kwa makundi manane yanayofanya kazi kwa wakati mmoja. Mahali mistari inapolundikana ndipo njia inapotakiwa kuwa pana, na hapo pasiwekwe kitu chenye moto wala chenye makali. Zoezi hili huchukua muda wa kikao kimoja, hufanywa kwa karatasi na penseli tu, na hubadilisha mpango kuliko mjadala wowote wa mashine.

Kwa vipimo vyako ningegawa chumba sehemu mbili kwa ukuta mwepesi wenye kioo. Upande wa mwisho, mita 3.5 kwa 8, uwe wa kazi zenye vumbi na kelele: kukata, kutoboa, kupiga msasa. Sehemu inayobaki, kama mita za mraba 68, iwe ya kubuni, kuunganisha, elektroniki na kompyuta. Kioo kianzie usawa wa meza, ili mwalimu aliye upande mmoja aone mikono ya walio upande wa pili. Nasisitiza mikono, maana kuona vichwa vya wanafunzi hakukwambii kama kuna mtu ameshika ubao vibaya mbele ya msumeno. Kwa sababu hiyo hiyo, kabati ndefu zikae ukutani peke yake, na chochote kinachosimama katikati ya chumba kisipite kimo cha meza.

Meza nane za watu wanne zinatosha, lakini ziwe nzito na zisizotikisika, kwa sababu meza inayoyumba humfanya mtoto abonyeze msumeno kwa nguvu asiyoweza kuitawala. Kimo chake kisiwe kimoja kwa kazi zote. Meza ya kurandia hukaribia usawa wa kifundo cha mkono wa mtu aliyesimama mikono ikining'inia, ilhali kazi ndogo za elektroniki zinataka meza iliyo juu zaidi, au mtu akae. Jiliwa zifungwe pembeni mwa meza, mbili kwa kila meza, zikielekea pande tofauti.

Sasa stoo, ambayo katika mipango mingi huachwa hadi mwisho. Madarasa matano ya watu 32 ni kazi 160 zisizokamilika kwa wakati mmoja. Mpe kila mwanafunzi trei yake. Trei zikipangwa 15 kwenda juu, unahitaji safu 11. Safu ikiwa na upana wa sentimita 40, hizo ni mita 4.4 za ukuta ambazo haziwezi kupatikana baadaye chumba kikishajaa. Pasipokuwa na trei hizo, kazi zitakuwa fupi na nyepesi mwaka hadi mwaka, kwa sababu mwalimu atalazimika kuchagua zile zinazokwisha ndani ya kipindi kimoja. Nimeona mtaala mzuri ukinyauka hivyo hivyo, na hakuna aliyetambua kwamba tatizo lilikuwa rafu.

Zana za mkono nazo zikae kwenye ubao wa ukutani, kila moja ikiwa na umbo lake lililopakwa rangi nyuma yake: nyundo, patasi, koleo, bisibisi, tupa, kila kitu. Dakika tano kabla ya kengele mwalimu hutupa jicho mara moja. Umbo jeusi lenye ncha linaloonekana wazi maana yake patasi moja haijarudi, na mlango haufunguliwi mpaka irudi.

---

Fundi Umeme

Naomba niongeze upande wa umeme, kwa sababu ukishapiga plasta na kupaka rangi, kila soketi utakayoikumbuka itakugharimu mara mbili.

Fanyeni hesabu ya mzigo kabla ya kuagiza kifaa. Kompyuta mpakato 16 zinazochajiwa pamoja kwa wati 65 ni wati 1,040. Printa tatu za 3D, kila moja ikivuta hadi wati 350 wakati sahani yake inapashwa moto, ni wati 1,050. Vyuma vinane vya kulehemu vya wati 60 ni wati 480. Mashine ya leza pamoja na kipoza na feni yake huweza kufikia wati 1,500, na kifyonza vumbi cha karakana kiasi hicho hicho. Mmeshapita kilowati 5.5 kabla ya taa, projekta, mashine ya kutoboa na msumeno wa mkanda. Zaidi ya hapo, mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo mkubwa mara kadhaa kuliko ule inaoutumia ikishashika kasi, kwa hiyo saketi inayoonekana kutosha kwenye karatasi huweza kukatika kila msumeno unapowashwa. Mashine ziwe na saketi zake, kompyuta zake, na taa zake peke yake.

Soketi zote wanazofikia wanafunzi zilindwe na swichi inayokata umeme mvujo unapofika miliampia 30. Kisha paweko vitufe vyekundu vya dharura, kimoja karibu na mlango na vingine katika kila eneo la mashine, ambavyo mtu yeyote, hata mtoto, ana ruhusa ya kuvibonyeza bila kuomba. Vitufe hivyo visimamishe mashine na soketi za meza lakini visizime taa, kwa sababu giza la ghafla katika chumba chenye misumeno inayomalizia mzunguko wake ni hatari nyingine. Umeme urudishwe kwa ufunguo anaoshika mwalimu.

Jambo moja husahaulika sana wakati wa kununua mashine. Umeme wa gridi ukikatika na kurudi, mashine isianze kuzunguka yenyewe. Zipo swichi zilizotengenezwa kwa ajili hiyo: umeme ukipotea zinajiachia, na mashine hukaa kimya mpaka mtu aiwashe upya. Piga picha mwanafunzi anayesafisha meno ya msumeno uliosimama kwa kukosa umeme, halafu umeme ukarejea. Mashine isiyo na swichi hiyo msiipokee, hata ikiwa ni msaada.

Soketi za meza za katikati ningezishusha kutoka darini. Soketi za sakafuni hujaa vumbi la mbao na maji ya kudekia, na nyaya za kuunganishia zinazopita chini ndizo zinazowaangusha watu. Zikishuka kutoka juu, meza zinaweza kusogezwa mwaka ujao bila kuvunja sakafu.

Kuhusu mwanga, viwango vya Ulaya vinataka laksi 500 (laksi ni kipimo cha mwanga unaofika mezani) katika karakana za shule na 750 mahali pa uchoraji wa kiufundi. Kama bado mna mirija ya taa ya zamani yenye balasti za sumaku (vifaa vya kudhibiti umeme wa taa), iondoeni kabisa katika eneo la mashine. Mirija hiyo humweka mara 100 au 120 kwa sekunde, na kwa kasi fulani msumeno unaozunguka huweza kuonekana kama umesimama.

---

Mwalimu wa Kompyuta

Nakubaliana na waliotangulia katika mengi, ila suala la kompyuta limepitiwa juu juu.

Kompyuta kwa kila mwanafunzi katika chumba hiki si lazima. Kazi za kubuni hufanywa na wawili wawili vizuri zaidi kuliko na mmoja mmoja, kwa sababu mmoja anapochora mwingine huuliza sehemu hii itashikaje na ile, na ubishi huo ndio usanifu wenyewe. Kompyuta 16 zinatosha. Baadhi watapenda za mezani zipangwe kuzunguka kuta huku skrini zikitazama katikati ya chumba, ili mwalimu azione zote kwa mara moja. Mpangilio huo ni mzuri katika maabara ya kompyuta, lakini hapa unakula kuta zote ambazo Mwalimu wa Ufundi ameshaziombea trei na mbao za zana. Ningechagua kompyuta mpakato zinazokaa kwenye kabati la kuchajia lenye magurudumu, zinazotolewa wakati wa kuchora na kurudishwa wakati wa kulehemu. Zisivuke kamwe ukuta wa kioo. Vumbi laini la mbao huingia kwenye feni, likaziba njia ya hewa, na kompyuta ikaanza kupata joto na kujizima bila mtu kujua sababu.

Kuhusu programu, msiingie kwenye mtego wa kutegemea intaneti kwa kila kitu. Inkscape, inayotumika kuandaa michoro ya leza, na FreeCAD, ya kuchora vitu vya pande tatu, zote ni za bure na hufanya kazi bila mtandao. Scratch, ya kuandikia programu kwa kuunganisha vipande vya rangi, ina toleo la kusakinisha, na vilevile MakeCode, kihariri cha kuandikia programu za micro:bit, bodi ndogo ya kompyuta. Mtandao ukikatika katikati ya kipindi, somo liendelee.

Kwa upande wa roboti ningetahadharisha kuhusu seti zilizofungwa, zile ambazo sehemu zake zinaungana zenyewe kwa zenyewe tu. Ukipoteza kipande kimoja, seti nzima hudumaa. Bodi ndogo kama micro:bit, ambayo mwaka 2016 iligawiwa kwa wanafunzi wapatao milioni moja nchini Uingereza, hukupa uhuru zaidi: ina taa 25, vitufe viwili na kitambuzi cha mwendo, na mwili wa roboti mwanafunzi anautengeneza mwenyewe kwa plaiwudi na mota za kawaida. Hapo ndipo kazi za mbao na za programu zinapokutana katika kitu kimoja. Arduino, bodi nyingine ya namna hiyo iliyoanzia Ivrea nchini Italia mwaka 2005, inawafaa walio wakubwa kidogo, wanaoweza kuandika programu kwa maneno na kusoma mchoro wa saketi.

Sasa printa za 3D. Fanyeni hesabu ya foleni. Kitu kidogo chenye ukubwa wa ngumi huchukua saa mbili au zaidi kuchapwa. Wanafunzi 32, kila mmoja na chake, ni saa 64 za mashine. Kwa printa tatu ni zaidi ya saa 21, na hilo ni darasa moja kati ya matano. Kwa hiyo printa haziwezi kuwa moyo wa kazi. Zitumike kwa sehemu ndogo ambazo haziwezi kutengenezwa kwa njia nyingine: kishikio cha mota, gia, kiungo cha pembe isiyo ya kawaida. Mwanafunzi anayechapa sanduku la pembe nne ambalo angelikata kwa msumeno ndani ya nusu saa hajajifunza kuchagua njia ya kutengenezea, na kuchagua huko ni sehemu ya somo.

---

Mjumbe wa Kamati (mwuliza swali)

Nawashukuru sana, nyote. Hesabu ya trei na ile ya foleni nimeshaziwasilisha kwa wenzangu na zimebadilisha mazungumzo.

Nina maswali mawili ya ziada. La kwanza, baada ya hesabu ya printa wajumbe wengi sasa wanaegemea mashine ya leza, kwa hoja kwamba inakata sanduku zima kwa dakika chache. Je, ni salama kuiweka mahali wanapofanyia kazi watoto? La pili, tunao wanafunzi wenye ulemavu, akiwemo anayetumia kiti cha magurudumu na mwingine asiyesikia. Tuwaandalie nini tangu mwanzo?

---

Msimamizi wa Maabara

Ndugu mjumbe, hoja ya wenzako kuhusu kasi ni sahihi. Leza hukata kwa dakika kile ambacho printa hukijenga kwa saa, na kwa darasa kubwa hiyo ni tofauti ya kuwa na somo au kutokuwa nalo. Ila leza ni mashine inayochoma. Kila inachokigusa hugeuka moshi, na swali la kwanza ni moshi huo unakwenda wapi.

Bomba la moshi lazima litoke nje ya jengo, mbali na madirisha na mahali wanafunzi wanapocheza. Watu hukumbuka kutoa hewa na kusahau kuingiza. Feni inayofyonza katika chumba kilichofungwa haina cha kufyonza, na moshi hubaki ndani ya mashine hadi mtu afungue kifuniko na upepo wake umpige usoni. Pawepo tundu la kuingizia hewa safi upande wa pili wa chumba. Kipimo rahisi ni kipande cha karatasi ya shashi: kishike mbele ya mdomo wa bomba feni ikiwaka, milango na madirisha yakiwa yamefungwa kama itakavyokuwa wakati wa somo. Kikivutwa na kunata, hewa inapita. Kikiyumba kidogo na kuning'inia, msikate chochote.

Aina ya nyenzo ni sheria isiyo na mjadala. Plaiwudi, kadibodi na akriliki hukatika vizuri. PVC, plastiki ya mabomba ya maji, haikatwi kwa leza kabisa, kwa sababu ikiungua hutoa gesi ya kloridi ya haidrojeni ambayo hudhuru mapafu na kula chuma cha mashine yenyewe. Tatizo ni kwamba kipande cha plastiki kilichookotwa hakina jina. Kwa hiyo nyenzo za leza ziwe na rafu yake, zitoke kwa muuzaji anayeandika aina yake, na kipande kisichojulikana kisikaribie mashine hata mwanafunzi akisihi. Mashine isiachwe ikikata peke yake hata kwa dakika moja: kadibodi hushika moto ghafla, na anayekaa karibu ndiye anayeuzima ungali mdogo. Kizima moto cha kaboni dioksidi kitundikwe anapokifikia bila kuvuka mashine.

Vumbi la mbao nalo lisichukuliwe kama uchafu tu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeliweka katika kundi la kwanza, yaani vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Kifyonzeo kiwe pale pale vumbi linapozaliwa, kwenye msumeno na kwenye mashine ya msasa. Feni ya dirishani hulitawanya tu. Sakafu isafishwe kwa kifyonza vumbi, maana ufagio mkavu hulirudisha vumbi hewani, na vumbi laini kuliko yote ndilo linalobaki likielea baada ya darasa kutoka.

Printa za 3D zitumie plastiki ya PLA, inayoyeyushwa kati ya nyuzi joto 190 na 220 za Selsiasi. ABS, plastiki nyingine, hutaka joto kubwa zaidi na hutoa mvuke wa staireni, kwa hiyo iachwe kwa wenye kabati lililofungwa na bomba la kutolea hewa. Katika kulehemu, moshi unaoonekana hautoki kwenye risasi wala bati. Unatoka kwenye utomvu uliomo ndani ya waya wa lehemu, nao ni chanzo kinachojulikana cha pumu ya kazini, kwa hiyo kila kituo kiwe na kifyonza moshi chake. Waya ununuliwe usio na risasi, na mikono ioshwe kabla ya mapumziko. Hilo lina maana kwamba chumba kinahitaji sinki, jambo ambalo sikuliona katika mpango wako.

Niseme neno moja kuhusu mashine ya kutoboa, kwa kuwa ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Mwanafunzi anashika kipande cha akriliki kwa mkono, anashusha keekee, na yote yanakwenda vizuri hadi ncha inapotokea upande wa pili. Hapo meno hukamata plastiki na kipande kizima huanza kuzunguka kama panga. Kipande kifungwe kwa jiliwa, chini yake kuwekwe ubao wa taka, na keekee ishushwe polepole mwishoni. Nywele zifungwe, ncha za mtandio zichomekwe ndani ya vazi, bangili zivuliwe. Glavu zisivaliwe kabisa mbele ya kitu kinachozunguka, ingawa wengi hudhani zinakinga: glavu ikinaswa huvuta mkono wote. Miwani ya kinga iwe mingi kuliko wanafunzi, ili iliyokwaruzika iondolewe bila mtu kukosa.

---

Mwalimu wa Elimu Jumuishi

Kwa swali la pili nitajibu kwa kifupi, kwa sababu mengi yake ni rahisi yakipangwa mapema na ni magumu yakipachikwa baadaye.

Angalau meza moja ipande na kushuka, na chini yake pawe wazi, pasiwe na droo wala mhimili wa kugonga magoti. Meza hiyo iwe katikati ya nyingine. Ikiwekwa pembeni karibu na mlango, kama inavyozoeleka, mwanafunzi hufanya kazi peke yake mwaka mzima. Njia kuu zipitike kwa kiti cha magurudumu hata wengine wakiwa wamesimama kazini, na kiti kiweze kugeuka mbele ya trei. Trei yake iwe katika safu ya katikati, isiwe ya juu wala ya chini kabisa.

Kwa asiyesikia, kila kengele ya tahadhari iambatane na taa inayomweka, na mwalimu awe na ishara moja ya mwanga inayomaanisha acheni kazi, mtazame huku. Ishara hiyo itawasaidia wote, kwa kuwa mwenye vikinga masikio naye hasikii. Wapo pia wasiotofautisha nyekundu na kijani, wavulana wengi zaidi kuliko wasichana, na mara nyingi hawajijui. Nyaya na vituo vya betri viwe na alama za herufi pamoja na rangi. Mkononi mwa mwanafunzi wa namna hiyo vipingamizi (vijisehemu vya kupunguza mkondo wa umeme) vinavyosomwa kwa mistari ya rangi ni fumbo, kwa hiyo mfundisheni kutumia mita ya kupimia umeme tangu siku ya kwanza.

---

Mwalimu wa Ufundi

Narudi kwa mara ya mwisho kuhusu utaratibu wa manunuzi, maana hapo natofautiana kidogo na wanaoegemea leza.

Awamu ya kwanza ningeimaliza yote kwenye chumba: ukuta wa kioo, umeme, mabomba ya hewa, sinki, taa, meza, trei. Bomba la leza liwekwe tangu sasa hata kama mashine haijanunuliwa. Awamu ya pili iwe zana za mkono za kutosha kila kundi, mashine ya kutoboa, bodi za micro:bit, vyuma vya kulehemu na kompyuta. Mfundishe muhula mmoja au miwili kwa vitu hivyo tu. Leza na printa zije baada ya hapo, mkiwa mmeshajua kazi zipi zinakwama na kwa nini. Najua kamati hupenda mashine kubwa iwepo siku ya ufunguzi, lakini mwanafunzi ambaye hajawahi kukata ubao kwa msumeno na kuona ulivyopinda hajui kwa nini mchoro wa leza unahitaji kipimo kamili. Finland iliyafanya mafunzo ya kazi za mikono kuwa somo la lazima tangu mwaka 1866, na hata kompyuta zilipoingia shuleni, kazi za mikono zilibaki.

Katika bajeti, fungu la vitu vinavyotumika na kwisha liandikwe kama mstari wake, kila mwaka: plaiwudi, akriliki, waya wa lehemu, betri, LED, nyuzi za printa, karatasi za msasa. Lisipoandikwa, vifaa vya elektroniki vitakaa kabatani vikiwa vizima kwa sababu betri zimekwisha. Kwa mawazo yangu, mkiwa na uwezo wa kununua printa tatu, nunueni mbili, na thamani ya ile ya tatu iwe nyenzo na vipuri.

Mwisho ni mkataba wa ununuzi. Andikeni kwamba muuzaji ataifunga mashine mahali pake, ataunganisha bomba la moshi na kulipima mbele yenu, na atawafundisha walimu wasiopungua wawili, kwa kuwa mmoja akihama mashine hufunikwa turubai. Mtake orodha ya vipuri vinavyouzwa kimoja kimoja: pua za printa, mikanda, vioo na lenzi za leza, na mrija wa leza wenyewe, ambao huchakaa kwa matumizi na lazima ubadilishwe. Muuzaji akijibu kwamba kikiharibika kipande hubadilishwa mashine nzima, tafuteni mwingine. Malipo ya mwisho yatolewe baada ya darasa moja la wanafunzi kufanya kazi nzima humo, kuanzia mchoro hadi trei, muuzaji akiwa amesimama ndani ya chumba.